Kola Iliyokatwa kwa Leseni

Walimwita Mama Kola, kwa sababu kola za mashati yake hazikunjamani hata mtoto azitafune. Miaka kumi na tisa alishona sare za shule ile ile, na jina hilo ndilo lililomlisha.

Siku moja mwalimu mkuu alimwita, akamwekea shati mezani. Mashati sitini yameletwa kwa jina lake, alisema, na mishono inaachia. Mama Kola akashangaa. Yeye alikuwa bado anasubiri vipimo vya wanafunzi. Mwalimu akamsogezea nakala ya leseni yake ya biashara iliyoletwa pamoja na mashati hayo, yenye namba yake ya kodi na sahihi yake.

"Huyu si wewe, mama?"

"Karatasi ni yangu. Mshono si wangu."

Akapewa hadi Ijumaa athibitishe, la sivyo shule itafute fundi mwingine.

Alirudi dukani mbiombio. Leseni halisi ilikuwa palepale ukutani. Alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena. Alimshuku binti wa duka la fotokopi alikotolea nakala, kisha shemeji yake, akajionea haya. Mumewe akamtania kwamba kwa papara hiyo atajishonea kidole. Yeye alikuwa akitazama msumari zilikoning'inia patani, zile karatasi za kukatia kitambaa.

Kila mwaka alitoa nakala za leseni kuombea kazi, na zilizobaki alizikata patani. Aligeuza ya kola, akakuta nusu ya namba yake. Aligeuza ya mfuko, akakuta sahihi nzima. Na fundi yeyote aliyeomba patani hakumnyima. Mwezi uliopita jirani mpya wa ng'ambo ya barabara aliomba seti nzima, naye akamkatia nyingine sawa na hizi kwa nakala hizo hizo, huku akijisifu.

"Nimejikata vipande mwenyewe, baba watoto," alisema, "nikamgawia mtu."

Yeye na mumewe walipitia polisi kwanza kutoa taarifa, kisha shuleni. Akaiomba ile nakala, akailaza patani ya kola juu yake. Katikati ya nakala palikuwa na mstari hafifu uliopinda, ambao mwalimu aliudhania kunyanzi. Ukafuata ukingo wa kola bila kupotoka: nakala ilikuwa imeungwaungwa.

Mwalimu akampa daftari la vipimo.

Jioni Mama Kola alikata patani mpya kwa karatasi za mifuko ya saruji. Ila mkasi ulisimama kila mara. Kabla ya jirani alimpa nani? Yule wa sokoni, yule aliyehama, na yule mwingine, jina lake nani vile?