Shule Inayorefuka

Shuleni kwetu Ruhuwiko, hapa Songea, siku haianzi kwa kengele. Inaanza kwa ufagio. Jua halijapata joto, watoto wameshatawanyika uwanjani, kila darasa na eneo lake, kila mtoto na ufagio wa vijiti aliovunja mwenyewe njiani, na vumbi jekundu limeshafika madirishani. Mwalimu wa zamu anapita nyuma yao akikagua mistari, maana kufagia tu hakutoshi, mistari ya ufagio nayo lazima ilale upande mmoja. Jani likidondoka baada ya hapo, utadhani limefanya makusudi.

Mwenye usafi huo ni Mwalimu Mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima. Hakuna kinachompa raha kama mgeni kusimama getini na kusema, kwenu kusafi jamani. Siku hiyo hata chai haitaki, ameshashiba.

Mimi nafundisha sayansi darasa la nne. Mwaka jana, joto la mwezi wa kumi limepamba moto, tulifika kwenye mmomonyoko wa udongo. Watoto wanalijua somo hilo kwa kichwa. Uliza mmomonyoko ni nini, darasa zima litakuimbia kwamba ni kitendo cha udongo wa juu kuhamishwa na maji au upepo, na wanaimba vizuri kweli. Uliza kama kuna aliyewahi kuuona, wanakutazama kama umewauliza habari za nyangumi. Kwao mmomonyoko unaishi kitabuni, kwenye picha ya korongo la nchi nyingine.

Nilichoka, nikasema basi, mwenye swali lolote aulize, hata kama si la somo. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mdogo wa mwili lakini mbishi kunishinda hata mimi, akasimama na kuuliza kwa nini shule yetu inarefuka.

Wenzake walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Yeye hakutikisika. Alisema dada yake aliposoma chumba hiki hiki, mtu alikuwa anaingia bila hata kuinua mguu. Siku hizi kuna ngazi ya saruji mlangoni, nayo imeanza kuning'inia, mpaka watoto wa darasa la kwanza wanaipanda kwa mikono. Isitoshe, rangi ya ukutani zamani ilifika chini kabisa, na sasa chini ya rangi kuna tofali tupu. Kama shule hairefuki, akataka kujua, tofali hizo zimetoka wapi?

Nikawatoa wote nje tukainama ukutani. Ngazi ilikuwa inaning'inia kweli, na tofali zilikuwa pale, zimekaa tu. Kengele ilipolia darasa lilikuwa limegawanyika makundi mawili, moja likidai shule inapanda, jingine likidai ardhi inashuka, na yote mawili yalikuwa tayari kushikana mashati.

Nikawapa kazi. Eneo letu tuligawe katikati. Upande mmoja tuendelee kuufagia, upande wa pili tuuache kabisa, majani yadondoke na nyasi ziote zinavyotaka. Kisha tukandamize vizibo vya soda ardhini pande zote mbili, halafu tusubiri mvua ya kwanza. Kizibo ni mwavuli, niliwaeleza. Kama udongo unaondoka, ule ulio chini ya kizibo utabaki. Kama ni shule inayopanda, vizibo vitalala vile vile tulivyoviacha. Tangu hapo wakawa wanafagia kwa adabu, wakikizunguka kila kizibo kama kimelala usingizi.

Mwalimu Mkuu alipoona nyasi ndani ya uwanja wake aliniita ofisini. Jumatatu ijayo, alisema, wanakuja wageni wa ukaguzi wa usafi, na mimi nafuga pori. Nilimbembeleza atuachie mpaka mvua inyeshe. Akatupa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo panafagiliwa na vizibo vinakwenda shimoni.

Wiki hiyo watoto walinidai mvua kila asubuhi, shikamoo haijaisha mdomoni, kana kwamba nimeificha kwenye mkoba. Mmoja alisema baba yake ataomba dua msikitini. Mwingine akasema mama yake ataipeleka nia hiyo kwenye jumuiya yao ya kanisani. Sijawahi kuona dini zikishirikiana hivyo kwa ajili ya vizibo.

Ijumaa ikafika na jua lake. Mwalimu Mkuu alikuja na viranja na mifagio. Yule msichana, bila kumwangalia mtu, akaenda kukaa katikati ya nyasi zetu.

"Mwalimu, tukifagia leo hatutajua," alisema.

Mtoto wa kumkalia Mwalimu Mkuu chini namna ile tulikuwa hatujampata. Mama wa watu akamtazama, akatazama mbingu, ambayo haikuwa na hata wingu la kuazima, akasema basi, mpaka Jumatatu asubuhi, kabla ya wageni. Akaondoka na mifagio yake.

Jumapili alasiri bati langu lilianza kulia. Nilisimama mlangoni nikicheka peke yangu, na nilikuwa na furaha ambayo mwanamke wa umri wangu huwa anaificha.

Jumatatu niliwakuta watoto wameshafika. Upande wa nyasi vizibo vilikuwa vimelala kama tulivyoviacha. Upande uliofagiliwa kila kizibo kilikuwa kimesimama juu ya kijiguzo chake cha udongo, na pembeni yake udongo haupo. Mfereji mwekundu ulikuwa umechorwa kutoka mlangoni petu hadi getini na kuvuka barabara. Msichana wetu alichuchumaa, kisha akakubali kwamba shule haijaenda popote.

Mwalimu Mkuu akaja amevaa gambuti, mifagio tayari. Nilimweleza tulichofanya. Aliinama akagusa kijiguzo kimoja kwa kidole, polepole, kikameguka.

"Nimeufagia uwanja huu tangu niko darasa la kwanza," alisema. "Kumbe ni mimi."

Msichana ndiye aliyemsogelea.

"Ulikuwa mdogo, mwalimu."

"Na wiki iliyopita?"

Mtoto alifikiri sana.

"Wiki iliyopita mvua ilikuwa haijanyesha, hata sisi tulikuwa hatujui."

Mwalimu Mkuu alimtazama, akawapa viranja ishara waweke mifagio chini, kisha akamwomba amwoneshe kizibo kingine.