Mikebe ya Maziwa Iliyomwaibisha Mtaalamu wa Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia kijito cha Tilolwa kwenye mteremko wa Mau, juu ya Njoro. Cheptanui Kibii amepiga magoti kwenye tope, mkono wake umezama majini hadi kiwikoni. Anapapasa chini ya jiwe bapa.

Mkono unatoka na kifaa kidogo cha plastiki, kadiri ya kizibo cha soda, kilichofungwa kwa waya. Ni kipimajoto. Kimekaa majini siku saba, kikiandika joto la maji kila baada ya robo saa.

"Hii ikinikataa, nimekwisha," anasema, akikifuta kwa upindo wa sweta. "Na si mimi tu. Hawa watu wote wa hapa wamekwisha na mimi."

Leo saa nane mchana, chama cha watumiaji maji kitakutana kanisani kuamua kama lori la kuchimba kisima cha pili lipande huku Jumatatu. Kisima cha kwanza kilichimbwa miaka miwili iliyopita, hatua themanini tu kutoka kwenye chemchemi, na pampu yake ya stima, yaani umeme, hunyunyizia viazi na kabichi mchana kutwa. Cheptanui anaamini pampu hiyo inainyonya chemchemi ambayo familia mia nne zinakunywa. Lakini kuamini hakutoshi, na juma lililopita alijaribu kuwaonyesha watu akaaibika vibaya sana.

Ana miaka 34. Ni mtaalamu wa mito na maji ya ardhini, na amekodi nyumba ya chumba kimoja mtaa wa Section 58 mjini Nakuru. Mradi wa utafiti unamlipa shilingi 45,000 kwa mwezi, na mkataba unaisha Juni. Nauli ya boda boda ya kupanda huku hujilipia mwenyewe.

Kazi yake, ukiisikia mara ya kwanza, inachekesha. Anapima joto la mto, kama vile mtu anavyompima mtoto homa. Wanakijiji humwita Daktari, naye amechoka kuwaambia kwamba bado hajafika huko.

"Maji yanayotoka chini ya ardhi hayajui mchana wala usiku," anaeleza. "Hapa kwetu ni nyuzi 14, jua liwake, baridi ipige, ni 14 tu. Maji ya juu ndiyo hufuata jua. Sasa ukiona chemchemi imeanza kufuata jua, mchana 19, usiku 11, ujue maji ya chini yanakauka. Unaona maji yamejaa, unafurahi, kumbe mgonjwa yuko kitandani."

Ndivyo alivyouambia mkutano juma lililopita, akiwa na mchoro wake ameupachika ukutani kwa gundi ya karatasi. Joto la kidimbwi cha kijitoni, chini ya chemchemi, lilikuwa limepanda. Tena lilikuwa likiruka kila jioni, mwendo wa saa kumi na mbili, kabla ya kushuka polepole hadi asubuhi.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Kamande, aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Ni mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache, na kisima kile kiko kwenye shamba lake.

"Daktari, hiyo kifaa yako iko wapi?" akauliza.

"Iko kwa kidimbwi, chini ya lile jiwe bapa."

"Hapo ndiyo wamama huweka maziwa."

Kanisa zima lilipasuka kwa kicheko. Huku hakuna friji. Maziwa ya jioni, yakiwa bado na joto la ng'ombe, humiminwa kwenye mikebe ya aluminiamu na mikebe hulazwa kidimbwini usiku kucha, ili asubuhi gari la maziwa liyakute hayajaharibika. Mikebe kumi na mitano ya maziwa moto ilikuwa ikilala ubavuni mwa kipimajoto kila siku. Cheptanui hakuwahi kuiona, maana alikuwa akifika mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mikebe ikiwa imeshaondoka.

"Amepima maziwa yetu!" mmoja akapaza sauti. Watu walicheka tena.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Nimesoma hii kitu miaka sita. Na sikuuliza mtu mmoja swali la dakika moja."

Mkutano ulimpa siku saba za kupima upya. Si kwa kumwamini. Ni kwa kumhurumia, na huruma ya mkutano inauma kuliko tusi.

Kesho yake alikwenda kwa Wariara, mama wa miaka 58 anayejulikana zaidi kama Mama Shiru, ambaye hukusanya maziwa ya majirani. Alitaka kumwomba asogeze mikebe kwa juma moja. Mama Shiru alimpa chai kwanza, halafu akamcheka kidogo, halafu akasema jambo lililomfanya aweke kikombe chini.

"Unafikiria sisi tunapenda hapo? Hapo ni mbali. Zamani tulikuwa tunaweka juu kabisa, kwa jicho la chemchemi. Maziwa ikaanza kuganda, gari ikaturudishia. Tukashuka kwa mkuyu. Pia hapo ikaganda. Ndiyo tukafika kwa hilo jiwe. Mimi naingiza mkono tu, nasikia baridi imehama."

"Tangu lini, mathe?"

"Si tangu hiyo pampu ianze?"

Basi! Mama huyu, bila mchoro wala mkataba, alikuwa ameufuata ubaridi ukishuka mteremko kwa miaka miwili, kwa mkono wake mwenyewe, na gharama yake ilikuwa maziwa yaliyomwagwa. Mwezi Januari pekee alirudishiwa lita 120. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kwamba hayo ni mambo ya mkutanoni.

Cheptanui alizamisha vipimajoto vitatu: kimoja jichoni, kimoja kwenye mkuyu, kimoja chini ya jiwe bapa. Mikebe ikahamishiwa chini zaidi. Leo ndiyo siku ya saba.

Akiwa ameshavitoa vyote vitatu majini, anaketi juu ya gogo, anafungua kompyuta yenye ufa kiooni na kuchomeka kifaa cha jichoni. Mstari unajitokeza. Jumapili unapanda na kushuka. Jumatatu vilevile, Jumanne vilevile. Mchana nyuzi 19, usiku 11. Cheptanui anapumua.

Halafu Jumatano saa sita mchana mstari unaanza kutulia. Unashuka hadi 15, unaenda sawasawa usiku mzima na Alhamisi yote, kisha jioni unaanza kucheza tena.

"Hapana," ananong'ona. "Hapana, hapana. Kimeharibika."

Anachomeka cha pili. Vilevile. Cha tatu, vilevile. Ameketi pale amejishika kichwa. Atasimama vipi kanisani na vifaa vilivyolala siku moja na nusu?

Mama Shiru, aliyekuja kuchukua mikebe yake, anachungulia begani mwake. "Hii ni siku gani?"

"Jumatano, mama. Jumatano na Alhamisi."

"Jumatano si stima ilipotea? Mti uliangukia waya saa tano. Ilirudi Alhamisi jioni. Hata simu yangu ilizima."

Stima ilipotea, pampu ikanyamaza. Pampu iliponyamaza, chemchemi ikapoa. Cheptanui anaufunika uso kwa viganja vyenye tope na kulia kama mtoto.

Saa nane kanisani hakuna anayecheka. Cheptanui anaonyesha mchoro kwa dakika tano, kisha anamwita Mama Shiru mbele. Mama anasema alikuwa akiweka maziwa wapi mwaka gani, na kwa nini alihama. Kina mama wa nyuma wanaitikia, "Ni kweli."

Mzee Kamande anakuna kidevu. "Na kama Jumatano ilikuwa mawingu?"

"Mzee, Jumatano jua iliwaka mpaka nikaanika mahindi," mtu anajibu.

"Mimi si adui ya mtu," Kamande anasema hatimaye, sauti ikiwa nzito. "Mwaka juzi viazi ilikauka nikiangalia, na niko na watoto kwa shule. Lakini tusingoje stima ipotee ndiyo tujue. Tuzime wenyewe siku kumi, tuone."

Mikono inahesabiwa: 61 kwa 34. Lori linaambiwa lisubiri.

Siku ya tisa tangu pampu izimwe, jioni, Mama Shiru anabeba mkebe mmoja, mmoja tu, lita ishirini, na kuulaza kwenye jicho la juu ambako hajaweka maziwa kwa miaka miwili. Mingine anaiacha chini. "Nikipoteza, nipoteze moja," anasema.

Asubuhi Kipyegon, mwenye gari la maziwa, anachota kijiko kutoka kwenye mkebe huo na kukichanganya na spiriti kwenye kichupa. Yakiganda, yanarudi nyumbani. Anatikisa. Anainua kichupa kwenye mwanga. Cheptanui, aliyepanda kutoka Nakuru gizani, hawezi kutazama.

"Imepita," Kipyegon anasema, na kumimina.

Vita havijaisha. Viazi vya Kamande vimeanza kunyauka, na sasa wanabishana pampu ifanye kazi saa ngapi kwa siku. Cheptanui anataka ziwe tatu, mzee anataka sita. Lori la kuchimba halijafutwa, limeahirishwa tu.

Kabla mkataba wake haujaisha Juni, Cheptanui anapanga kuweka vipimajoto kwenye vijito vingine vitano vya mteremko huu. Safari hii hataanzia majini. Ataanzia jikoni kwa kina mama, akubali kikombe cha chai, kisha aulize: "Maziwa yenu mnalaza wapi?"