Birika la Bibi na Damu ya Mama Mdogo

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kijijini kwetu Yakobi kuangalia jiko la bibi likivunjwa. Nilipofika, fundi alikuwa ameshashusha bati na kuangusha kuta tatu. Ule wa nyuma aliuacha, akaniita nije nione. Kiasi cha usawa wa kiuno changu, ukuta ulikuwa umeliwa, umebonyea ndani kama shavu la mtu asiye na meno. Akaniuliza kama pale palikuwa panafungwa mbuzi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akadhani namtania.

Sikumtania, rafiki yangu. Nilikuwa mla ukuta. Wenzangu wa umri wa miaka tisa walikula peasi za kuiba, mimi nilikula nyumba. Mvua ya kwanza ikigusa ule udongo, harufu yake ilinijia mpaka darasani, mate yakanijaa, mwalimu akiniuliza hesabu sisikii. Jioni nilizunguka nyuma ya jiko, nabandua kipande kwa ukucha, nakiweka juu ya ulimi kinayeyuka taratibu na ladha yake ya moshi. Nisikufiche, kilikuwa kitamu. Hata sasa nikinusa ardhi iliyolowa, nageuza uso.

Nililelewa na bibi na babu kwa sababu mama yangu alifariki siku ile ile aliyonizaa. Nyumbani jambo hilo halikufichwa. Watu walisema damu ilimwisha, na bibi aliinuka kwenda kuchochea moto hata kama moto wenyewe unawaka vizuri. Mama nilimjua kwa kaburi lake tu, kule chini karibu na mianzi ya kugema ulanzi, pombe yetu, mahali ambapo babu alifyeka nyasi kila Pasaka.

Usidhani tulikuwa na njaa. Njaa na Njombe wapi na wapi? Viazi vilijaa chini ya kitanda, mahindi yalining'inia darini, maharage tulikuwa nayo mpaka msimu mwingine. Ila kulikuwa na mpango wake. Maziwa yaliondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda kuuzwa. Mayai yalikwenda gulioni, na hata lililobaki mjamzito hakupewa, maana bibi alifundishwa na mama yake kwamba mtoto atanenepa tumboni akatae kutoka. Maini yalikuwa ya babu. Mnavu na majani ya maboga vilichemshwa mpaka vikapoteza rangi, maji yake yakamwagwa nje. Simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, walikimbizana miguuni mwetu jikoni wakipiga miluzi, lakini kisu kiliwagusa akija mgeni wa maana tu.

Kilichokuwa chetu sote, bila kubaguana, ni chai. Babu alikuwa mchuma chai shambani, na kila mwezi alirudi na mfuko wa majani makavu. Sukari iliweza kukosekana, chumvi iliweza kukosekana, chai haijawahi. Birika jeusi la bibi halikushuka mafigani. Asubuhi chai na viazi, mchana chai na ugali na maharage, jioni hivyo hivyo, na ile baridi ya Juni ilivyokuwa, kila mtu amekumbatia kikombe cha bati kwa mikono miwili. Hata mtoto anayetambaa alipewa kwa kijiko. Bibi aliipika nzito, akakiinua kikombe kwenye mwanga wa mlango na kutuambia kwamba kitu chenye wekundu ule, kikiingia mwilini, kinakwenda kuwa damu moja kwa moja. Nani angembishia? Ukiitazama, kweli ilikuwa nyekundu.

Mwaka huo mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, alikuja kwa bibi na mimba ya miezi mitano. Mume wake alikuwa kwenye kazi ya mbao Makete, na kwetu mimba ya kwanza hulelewa kwa mama mzazi. Haikupita wiki akanikuta nyuma ya jiko, mdomo umejaa. Nilijua nitachapwa. Yeye akatazama huku na huku, akabandua kipande kikubwa kuliko changu, akaanza kutafuna. Tangu hapo tukawa washirika. Nilimpenda sana mama mdogo, na nadhani nilimpenda zaidi kwa sababu ya ule ukuta.

Lakini alikuwa anachoka. Kutoka kisimani hadi nyumbani alitua ndoo mara tatu, amejishika kifua, anahema. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Bibi alisema mimba ndivyo zilivyo, nzito. Alisema hivyo, ila nilimwona akimtazama kwa muda mrefu kila mama mdogo alipoinama.

Tukaenda kliniki sote watatu. Nesi alimvuta ukope wa chini, akatazama ndani, akamtoboa kidole, akapima. Damu ilikuwa saba. Akaeleza bila kuzunguka: kwa damu hii, akitokwa na kidogo tu wakati wa kujifungua, hatutamuwahi. Akatoa vidonge vya kuongeza damu, akataja maharage, mboga na nyama, akasema turudi baada ya mwezi. Nadhani bibi hakusikia chochote baada ya lile neno la kutomuwahi.

Tulipofika akaongeza majani ya chai birikani mara mbili. Kila siku, kila kidonge kilishushwa kwa kikombe kizima cha chai ile nzito, bibi amesimama pembeni mpaka kimalizike. Hakuna kidonge hata kimoja kilichosahaulika. Kikombe nilikipeleka mimi, kwa mikono yangu, nikijisikia daktari. Tulikuwa tunampenda, rafiki yangu, tena sana.

Mwezi ukaisha, tukarudi. Nesi akapima, akapima tena. Saba ile ile. Akakunja uso, akamwambia mama mdogo kwamba vidonge anavitupa, aseme ukweli. Mama mdogo akaanza kulia. Bibi akaingilia, akaapa kwamba vyote amempa yeye mwenyewe, tena kwa chai ya moto. Nesi akaweka kalamu chini.

Akatueleza polepole. Alisema chai, ikinywewa pamoja na chakula au vidonge, inayashika tumboni yale madini ya chuma yanayotengeneza damu na kutoka nayo. Maharage tunakula, vidonge tunameza, lakini chai inavizuia visifike kwenye damu. Vidonge vimezwe kwa maji, na chai ikae mbali na chakula, angalau saa nzima. Akauliza kama mgonjwa anakula udongo. Mama mdogo akanitazama, mimi nikatazama miguu yangu. Nesi akanivuta na mimi ukope, akatikisa kichwa, akasema hamu ile ya udongo mara nyingi ni damu iliyopungua, na udongo wenyewe unazidi kuipunguza.

Bibi akanisogeza mbele ya nesi.

"Na yule wa kwanza," akasema, "mama yake huyu. Naye nilimpa chai."

Nesi akamgeukia. "Sijui, mama. Sikuwepo. Damu humwisha mzazi kwa sababu nyingi."

"Na kwa huyu, muda upo?"

"Miezi mitatu. Upo, kama mtaamua."

"Mimi nimeshaamua," bibi akasema, akajifunga khanga upya kiunoni, tukaondoka.

Hapo ndipo nilipomjua bibi. Birika lilishuka mafigani siku ile ile, likatundikwa kwenye msumari ambao mimi siufikii. Chai ikawa ya katikati ya asubuhi na katikati ya alasiri, na kwenye chakula ni maji. Kwetu kumpa mgeni viazi bila chai ni kama kumwambia aondoke, kwa hiyo majirani wakasema bibi uzee umemletea uchoyo. Akawaambia waseme wakichoka wapumzike. Mayai yakaacha kwenda gulioni. Lile la kwanza alilichemsha mwenyewe, akamkabidhi mama mdogo, kisha akakaa kumtazama akila kama mtu anayemwona mwanawe akivuka mto. Miaka yote alimwamini mama yake kuhusu mayai, na siku ile alimpinga.

Maini yalileta kesi. Babu alipoletewa sahani yenye nyama ya kawaida aliuliza mbele ya wageni maini yake yako wapi. Bibi akamjibu, "Mzee, kwani wewe mimba yako ina miezi mingapi?" Wageni walikohoa, wengine wakatazama juu. Babu akacheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo akawa anauliza yeye kama mama mdogo ameshapata yake. Simbilisi nao wakawa wanachinjwa, mmoja kila wiki. Nilimlilia wa kwanza, mwenye doa jeupe, na mchuzi wake nikaunywa. Mboga zikapikwa haraka na kuliwa na maji yake, na baada ya maharage tulikula matunda damu, yale mekundu yenye uchachu, kwa sababu nesi alisema matunda yanasaidia chuma kuingia mwilini.

Ukuta bibi aliukandika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili. Mimi nikaujaribu hivyo hivyo, ulimi ukawaka mpaka usiku. Kwa mama mdogo haikuwa mchezo. Mvua ikinyesha alisimama mlangoni akilia kwa hamu, na mimi nikamshika mkono, yeye akanishika wangu, mpaka harufu ipungue. Sijawahi kuona mtu akishindana na kitu kwa namna ile.

Damu ikapanda. Nane na nusu, halafu tisa, halafu kumi na kidogo. Uchungu ulimshika asubuhi yenye ukungu, jirani akamkimbiza kwa pikipiki mpaka hospitali mjini, bibi na mimi tukafuata kwa miguu. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Wakunga walipita mbio na vitambaa vyekundu, na bibi kila wakipita alifumba macho. Mwisho akatoka mmoja wao, anatabasamu, akatupa hongera, mtoto wa kike.

"Mama yake je?" bibi akauliza.

"Ametokwa na damu nyingi. Lakini alikuwa nayo ya kutosha. Anaomba uji."

Bibi alikaa chini, sakafuni, hakurudi hata kwenye benchi. Alilia kwa sauti, na sikuwa nimewahi kumsikia akilia.

Tuliporudi nyumbani alinichukua mpaka kule kwenye mianzi. Akachuchumaa kwenye kaburi la mama yangu, akang'oa nyasi chache, akamwambia kwa Kibena maneno ambayo niliyasikia vizuri. "Mwanangu, nilikuwa sijui." Tukapanda kurudi juu, mimi mbele, yeye nyuma.

Bibi amekwenda, babu amekwenda. Mianzi imekatwa, pamepandwa parachichi za kuuza nje, na watoto wa pale siku hizi hawajui mluzi wa simbilisi. Mimi nina mgahawa Makambako, mtaa wa Lyamkena. Malori ya viazi na maziwa yanapita mbele yangu kutwa nzima yakielekea mbali, na ndani wanakaa kina mama wajawazito na kina mama wenye watoto migongoni, viganja vyeupe, wanaagiza maharage na chai ya rangi. Chakula nakileta. Chai nawaambia wasubiri, na nawaeleza kwa nini. Wengine wanasikiliza. Wengine wanainuka kwa hasira kwenda kwa jirani, na hao nawafuata mpaka barabarani nikiwa bado nasema, aproni kiunoni, watu wakinicheka. Bibi aliweza kusema hakujua. Mimi siwezi.