Abuu na Chaji ya Kiroka

Abuu, jirani yangu hapa Bigwa, ndiye wa kwanza kijiweni kwetu kununua bajaji ya umeme. Tulimtania mpaka tukachoka, tukambatiza Bwana Waya. Mama yake, Bi Hidaya wa Kinole, alimtaka jambo moja tu: siku yake ikifika, mwanawe huyu wa pekee ashuke kaburini kumpokea. Abuu akamwapia.

Jumanne asubuhi mjomba wake alipiga simu. "Abuu, mama yako katutoka. Tunazika baada ya Adhuhuri. Njoo na sanda."

Alinunua sanda sokoni, akawasha bajaji. Chaji ilikuwa imepungua, lakini hakupita kwenye kituo chake cha kuchajia cha mjini, maana Kiroka, njiani kwenda Kinole, palikuwa pamefunguliwa kituo kipya.

Umeme Kiroka ulikuwepo, tena tele. Tatizo ni kichwa cha waya. Cha pale kilikuwa cha duara, tundu la bajaji ya Abuu ni bapa.

"Pole kaka," alisema Catherine, dada wa zamu. "Hapa tunachaji za kampuni yetu tu."

Nikisimulia hapa hasira zinanipanda. Simu tu unaazima chaja ya jirani na mambo yanakwenda. Hawa wenye makampuni wameshindwa hata kukaa chini wakubaliane tundu moja? Catherine, Mungu ambariki, alimpigia bosi wake. Bosi akasema asubiriwe fundi. Fundi akaja, akageuzageuza ule waya, akatikisa kichwa. Adhana ya Adhuhuri ikasikika. Ndipo Abuu akaiacha bajaji palepale, akarukia bodaboda.

Alikuta wanamwagia kaburi maji.

Mjomba hakumgombeza, na bora angemgombeza. "Tulikungoja, mwanangu, tukashindwa. Bi Mwanvita katoa sanda yake."

Bi Mwanvita ni kikongwe wa nyumba ya pili. Sanda hiyo alikuwa ameiweka sandukuni kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Abuu alimfuata, akampa kifurushi cha sanda kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Chukua hii badala ya yako."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akakikunjua kile kitambaa, akakipima mwilini mwake, akaridhika. "Itanienea. Na mimi sina mtoto wa kunishusha. Siku hiyo utafika?"