Betri ya Moyo kwa Ajili ya Kuba

Daktari alitoka Kuba akapangiwa hospitali yetu hapa Mtwara, wodi ya wanawake, ambako mimi nilikuwa muuguzi kiongozi. Kiswahili alijifunza kwa wagonjwa, akakisema kama wao. Mkono aliuita nkono. Alipenda ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Mwanamke mmoja alikuwa akileta getini beseni la ming'oko ya kuchemsha, na daktari alisimama pale pale na koti lake jeupe akiimenya kwa meno, watu wakicheka.

Mwaka wake wa pili ndipo aliponieleza habari za mama yake aliyebaki Kuba. Mama huyo alikuwa amewekewa kifaa kidogo kifuani, chini ya ngozi, kinachousaidia moyo upige. Betri yake ilikuwa inakaribia kwisha.

"Madaktari wa kukibadilisha wapo wengi tu," aliniambia. "Kifaa ndicho hakuna."

Kampuni iliyokuwa ikiziuzia hospitali za kwao ilinunuliwa na Wamarekani, na tangu hapo haikujibu hata barua. Marekani imeiwekea Kuba vikwazo vya biashara tangu mimi na yeye hatujazaliwa.

Nikampeleka kwa kaka yangu, wakala wa forodha bandarini, anayejua kuagiza vitu. Kaka alimpata muuzaji wa vifaa vya hospitali Dar es Salaam. Akakubali, akatuma fomu. Fomu ikauliza kifaa kitatumika nchi gani, naye kaka akaandika Kuba, hakuwaza lolote. Kesho yake akajibu kwamba samahani, kwa Kuba haiwezekani, kuna vikwazo.

Alipompata muuzaji wa pili, alikuwa ameshaerevuka. Jumamosi asubuhi tukakaa watatu ukumbini kwangu.

"Tuandike ni cha mgonjwa wa hapa," kaka alisema. "Wanataka barua ya wodi, jina la mgonjwa na muhuri. Kuna daktari mwenzake anarudi kwao mwisho wa mwezi, atakibeba kwenye begi."

Muhuri wa wodi nilikuwa nao mimi. Daktari hakuniomba. Alitazama mikono yake, akasema angeandika barua mwenyewe, ila mgeni akiandika barua kama hiyo watauliza maswali.

"Nipe mpaka Jumatatu, dokta," nikasema.

Siku mbili hizo sikula vizuri. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na mume wangu alikuwa akitegemea mikorosho ambayo mwaka ule ilinyauka maua. Nikajiona nimeitwa ofisini, nimewekewa mbele barua ya mgonjwa asiyekuwapo. Jumatatu nikamfuata kwenye korido, nikamwambia siwezi.

"Sawa, dada," akasema, akaingia wodini kuwaona wagonjwa.

Mama yake alifariki wiki saba baadaye. Alianguka jikoni akiwa peke yake. Ujumbe ulimkuta daktari kati ya kitanda cha nne na cha tano. Aliusoma, akairudisha simu mfukoni, akamaliza vitanda vyote kumi na sita. Mimi nilikuwa nyuma yake na mafaili.

Jioni tulikwenda wauguzi wote nyumbani kwake kumpa pole. Tulikaa chini kama tunavyokaa kwenye msiba wowote, naye hakujua atufanyie nini. Akapika kahawa nzito, akatugawia kwenye glasi. Wenzangu walipotoka nikabaki.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Ungefukuzwa kazi," akajibu. Akaanza kukusanya glasi. Nilitamani anitukane.

Nilipomsimulia kaka, akatikisa kichwa.

"Inauma," alisema. "Lakini na serikali yao nayo imezidi. Mtu akisema neno anafungwa. Ukiondoa vikwazo, si utakuwa umewapongeza?"

"Miaka yote hii vimewabadilisha nini?"

"Sijui."

"Wakubwa wao wakiugua wanatibiwa. Aliyekufa alikuwa anashona sare za shule."

Mimi na kaka tuna shangazi zetu ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na kivuko kilipofungwa kwa sababu ya vita tuliona wenyewe nani alikosa sabuni na nani hakukosa. Na hapo sababu ilikuwa risasi, jambo la kueleweka. Huku, mwanamke ambaye hajawahi kumkosea mtu wa Marekani alinyimwa kitu kinachoenea kiganjani, na kunyimwa kwenyewe kukasafiri mpaka Mtwara kuja kunitafuta mimi, ambaye sina ugomvi na upande wowote, nikawa msaidizi wao. Nilifanya kazi yao vizuri, bila mshahara.

Siku hizi nikisikia watu redioni wakijadili kwa upole kama vikwazo viondolewe au vibaki kidogo, nazima. Viondolewe. Vilitakiwa viondolewe jana. Wanaotaka kuiadhibu serikali watafute njia isiyopita kifuani mwa mshona nguo.

Daktari alimaliza mkataba wake akaondoka. Tulimsindikiza uwanja wa ndege wauguzi sita. Alitukumbatia mmoja mmoja kwa zamu. Mimi hakunikumbatia zaidi ya wengine, wala pungufu. Nimemwandikia mara tatu tangu aende. Ananijibu kwa adabu, anauliza watoto wanaendeleaje, na habari za mama yake hajawahi kuzigusa tena.