Minazi Miwili ya Shangazi na Mnara Mfupi

Shughuli nzima ya mnara ilinigharimu minazi miwili isiyo yangu, jogoo mmoja aliyekuwa wangu, na shilingi laki mbili na elfu arobaini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau jogoo.

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu Dunda, na kiwanja Makurunge nilichoachiwa na baba. Kwenye kiwanja hicho nilianza nyumba, ikafika linta, bado paa, ikagoma. Miaka minne popo waliikalia bila kodi. Kwa hiyo alipokuja injinia, dada mmoja wa Dar mwenye buti za ujenzi, akasema anataka kukodi kipande cha kiwanja kwa miaka kumi, sikuuliza cha nini. Niliuliza kodi ya kwanza inalipwa lini.

"Siku mnara ukisimama," akasema.

Siku hiyo kulikuwa na mkwezi juu ya mnazi. Nikamwomba atuangushie madafu mawili, tukanywa huku dada akinieleza mambo ya kampuni yake. Haiuzi laini wala vocha. Inatengeneza mitambo na kuiuzia mitandao ya simu. Mjini wanapachika redio mpya kwenye minara ya zamani. Shamba wanasimamisha minara mifupi ya umeme wa jua, kila mmoja na dishi linalotazamana na dishi la mwenzake. Kisanduku ni kilekile: intaneti ikitakiwa iwe na kasi zaidi, wanabadilisha programu tu, chuma hakiguswi.

"Mnara mrefu ni gharama," akasema. "Sisi zabuni tunazishinda kwa ufupi."

Nilimpenda papo hapo. Mtu anayejua kubana. Nikapandisha kodi mara tatu, akashusha mara mbili, tukakutana palepale nilipopataka tangu mwanzo. Nikasaini.

Mafundi walipofika na vyuma, dada akapanda ngazi kutazama mnara wa upande wa mjini. Akashuka kanuna: minazi miwili imeuziba.

"Kwenye ramani hapa ni peupe."

"Ramani yako imepima udongo, dada yangu. Minazi haikuulizwa."

"Basi hii miwili ikatwe. Keshokutwa tunahamia Chalinze. Isipokatwa, jirani yako wa ng'ambo ya barabara ameshaniuliza mara mbili."

Hapo ndipo nilipokumbuka minazi ni ya nani. Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Baba aliniachia kiwanja. Minazi, babu alishampa shangazi siku alipoolewa. Mkwezi yule alikuwa wake, akija kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeizoea minazi ile mpaka nikaisahau, kama mtu anavyosahau kofia iliyo kichwani.

Nikamkamata jogoo, nikaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Huyo jogoo mgonjwa, au una shida?"

"Nina shida."

Nikamweleza yote, mpaka habari ya linta. Nikataja laki moja.

"Kwa wa kushoto au wa kulia?"

"Kwa yote miwili, shangazi."

"Kumbe umekuja kunisalimia tu. Ahsante, na nyumbani wasalimie."

Tulianza baada ya adhuhuri. Alasiri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi na bei ileile aliyoondoka nayo. Mimi watu wa kibandani wananiogopa kwa kubishana bei. Wangeniona siku ile wangenichangia. Tukamalizia laki moja na elfu kumi na nane kila mnazi. Nikahesabu noti mara mbili. Yeye akahesabu mara tatu.

"Bado elfu nne."

"Za nini tena?"

"Madafu mawili uliyomnywesha yule mwenye buti. Mkwezi wangu ana mdomo."

Nikalipa. Minazi ikakatwa, visiki vikang'olewa, mnara ukasimama, kodi ikaingia, popo wakahama. Nayaandika haya barazani kwangu, chini ya bati langu, na mtandao umejaa vijiti vyote. Shangazi naye huja Ijumaa kuongea na bintiye aliye Maskati wakionana uso kwa uso, na kila akija anatazama bati kama mtu aliyechangia.

Ijumaa iliyopita alikuja na miche miwili ya minazi. Akaipanda palepale.

"Shangazi, si uliniuzia?"

"Nilikuuzia minazi. Mashimo sikukuuzia."

Nimeusoma mkataba mara mbili. Umebaki miaka tisa, na umeandikwa kwamba mwenye kiwanja ndiye atakayehakikisha hakuna kinachoziba dishi. Miche inafika gotini, na udongo wa pale haujawahi kuudhi mnazi. Kwa hiyo wewe unayejua desturi hizi za pwani, nisaidie: niyanunue mashimo sasa, yangali na bei ya mashimo, au nisubiri? Na kama ni kununua, nianze na shilingi ngapi, asije akanishukuru tena kwa kumsalimia?