Kisima Tulichokizungushia Miiba

Naikumbuka siku bibi yako alipong'oa miiba kwa mikono mitupu, mwanangu. Kaa nikusimulie, simu utachaji baadaye.

Ugomvi wa wakulima na wafugaji ulikuwa umetukimbiza hadi Igawa, kwa ndugu. Nyumba yetu ilichomwa. Zizi la Masanja, jirani yetu mfugaji, nalo likachomwa. Baadaye wazee wakakaa, tukapatanishwa, kila mtu akarudi kwake. Tukafyatua matofali, tukaezeka. Ndiyo kwanza tunapumua, mvua ikagoma, mto ukabaki mchanga mtupu.

Baba yako akachimba kisima humo mtoni, akakizungushia miiba ili ng'ombe wa Masanja wasisogee. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, na wewe umemrithi, usinikatalie. Kisima chenyewe, we acha tu. Nusu ndoo asubuhi, basi. Akijaribu kwenda chini zaidi, mchanga unaporomoka, na peke yake hawezi kuchimba huku akiutoa. Mimi nilikuwa na mimba yako. Moyoni nilishaanza kufunga vyombo, nikijua tunahama tena, na safari hii hatutarudi.

Bibi yako akaja kuona. Hakufoka. Aling'oa ile miiba mpaka mikono ikatoka damu, baba yako amesimama tu, hajui pa kuangalia. Kisha akamwambia, "Nyumba umejenga, sawa. Sasa kamwite Masanja, kuchimba visima anajua kuliko wewe. Au unataka mkeo akazalie njiani?"

Akaenda, anaburuta miguu. Wakakubaliana watu wachote asubuhi, ng'ombe wanyweshwe jioni. Hata kusalimiana vizuri hawakusalimiana. Masanja akashuka shimoni, kamba kiunoni, na aliyeishika ile kamba ni baba yako. Roho yangu ilikuwa juu, maana hawa ndio waliowindana kwa mapanga. Mara mchanga ukashuka, ukamfunika Masanja hadi kifuani. Baba yako akavuta. Alivuta mpaka viganja vikachunika, huku analia na kumwita jina, na jina lile sikuwahi kulisikia mdomoni mwake bila tusi. Masanja akatoka, akakohoa weee, akapumzika, akashuka tena. Jioni maji yakaja, ya kutosha nyumba zote mbili. Wewe ukazaliwa humu ndani.

Nakuambia haya kwa sababu mwaka huu pia kumekauka, na nakusikia unavyomsema jirani yako. Usingoje umpende kwanza ndipo umwite. Mwite ukiwa bado na hasira, mshike kazi moja. Mapenzi yakija yaje, yasipokuja shauri yake, lakini maji mtakunywa.

Haya, inuka. Mungu akulindie nyumba hii, mwanangu, na wanao wasiijue kamwe barabara ya kukimbilia.